Tuvue Hirizi Kabla ya Kuchoma Vitabu

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, mzazi mmoja wa hapa Dodoma alifika madrasani kwetu na binti yake, akiwa na kitabu alichomnyang'anya. Alitaka tukichome mbele ya wanafunzi kwa kuwa mna majini ndani yake. Kitabu chenyewe ni Adili na Nduguze, kilichochapishwa mwaka 1952, cha Shaaban Robert, Mwislamu wa Tanga aliyewahi kufanya kazi Mpwapwa. Hatukukichoma, tulikisoma pamoja naye.

Hadithi yenyewe inatisha kweli. Adili, mtawala wa Janibu, huwachapa manyani wawili kila usiku huku akilia. Manyani hao ni nduguze, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini. Huria, jini ambaye Adili alipata kumwokoa, ndiye aliyemnusuru na kuwageuza wao wanyama. Hawakurejea utu hadi Mfalme Rai alipowaombea.

Je, uovu wa hadithi hii uko wapi? Tukumbuke Suratu Yusuf. Aliyemtumbukiza Yusuf (a.s.) kisimani hakuwa jini. Walikuwa ndugu zake, na kilichowasukuma ni husuda, ile ile tunayojikinga nayo katika Suratul Falaq. Mwandishi aliwaita Hasidi na Mwivu ili msomaji asimkosee mshitakiwa.

Hatusemi kwamba kitabu hiki hakina la kutahadhari. Kumgeuza mja umbo ni uwezo wa Allah pekee, na kijana aambiwe waziwazi kuwa hii ni ngano, si itikadi. Majini wapo, wema na waovu, kama ilivyobainishwa katika Suratul Jinn. Na aya ya 6 ya sura hiyo inatufahamisha kuwa watu waliojikinga kwa majini hawakuzidishiwa ila madhila.

Hapo ndipo penye uchungu. Binti yule alipoinua mkono tuliona hirizi. Baba alieleza kuwa huanguka na kutetemeka, na kwamba mganga alitoza mbuzi wawili. Hospitali hajapelekwa. Basi, jini wa kitabuni yumo katika karatasi tu, bali "jini" wa mganga amekula mbuzi wawili na kumzuilia mtoto dawa! Ilhali Mtume (s.a.w.) alituamrisha tujitibu, na akatubainishia kuwa kutundika hirizi ni shirki.

Mzazi yule alituachia kitabu. Hirizi iliondoka ingali mkononi mwa binti, na hilo ndilo linalotunyima usingizi.

Maimamu na wazazi, tusome pamoja na vijana wetu wanachokisoma, tuwafundishe tauhidi, na mgonjwa tumpeleke hospitali huku tukimsomea Qur'ani. Anayeogopa karatasi na kutegemea hirizi hajamlinda mtoto wake.

Tunamuomba Allah atuongoze sote. Wabillahi tawfiq.