Changamoto Lazima Iwe na Mwenyewe

Neno "changamoto" tumelichosha. Umeme ukikatika ni changamoto. Dawa zikikosekana zahanati, changamoto. Maji yakizoa vyombo vya watu Kigogo, hiyo nayo changamoto. Limekuwa neno la kufichia tatizo ili asipatikane mtu wa kulijibia. Juzi nimejifunza maana yake nyingine, na inatuhusu sote tunaojiita vijana wa mageuzi.

Nilishiriki hakathoni ya teknolojia ya tabianchi hapa Dar es Salaam. Kwa asiyejua: watengeneza programu, wachora ramani na wanafunzi wanakutana siku chache, wanagawana makundi, wanajaribu kuunda kitu kinachofanya kazi. Mimi nasoma sheria, programu siwezi kuandika hata mstari mmoja. Lakini kazi ile haianzi na kompyuta. Inaanza na mtu anayeleta changamoto, anaiandika, kisha anakaa na timu na kujibu maswali yao mpaka mwisho. Anaitwa mwenyeji wa changamoto. Nikaomba niwe mwenyeji.

Rasimu yangu ya kwanza ilisema: "Kutumia teknolojia kupunguza athari za mafuriko Bonde la Msimbazi." Mratibu akaisoma, akauliza: "Athari zipi, kwa nani, saa ngapi?" Nikanyamaza. Nilikuwa nimeandika hotuba ya jukwaani.

Nikaenda Kigogo. Mama mmoja muuza maandazi ndiye aliyenipa swali. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu. Mvua ikipiga kule usiku, bondeni huenda hata tone halijaanguka, halafu maji yanawakuta watu wamelala. Utabiri wanausikia redioni, ila unataja mkoa mzima. Wao wanataka kujua kitu kimoja: maji ya juu yamefika wapi?

Kabla sijaondoka akanishika mkono. "Mwanangu, hiyo ramani yenu mkimaliza mtampa nani?"

Alikuwa na sababu. Desemba 2015 na Januari 2016 nyumba za bondeni zilipakwa X nyekundu na kubomolewa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kwa hiyo ramani inayookoa watu leo, kesho inaweza kuwa orodha ya bomoabomoa.

Siku ya pili timu yangu ikaleta ramani safi kabisa: kila nyumba na nukta yake, jina na namba ya simu. Nikakataa. Kijana mmoja akaniambia, "Dada, watu wanazama, we unatuletea vifungu!" Ndiyo, nawaletea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo kwa ajili ya hali kama hii: taarifa mtu aliyoitoa kwa kazi moja isigeuzwe kwa kazi nyingine. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tukakubaliana ramani iishie ngazi ya mtaa, na namba zishikwe na kamati ya wakazi wenyewe. Walio juu ya mto wanasoma alama za rangi kwenye nguzo ya daraja na kutuma ujumbe mfupi. Wa bondeni wanaupokea hata kwenye kitochi.

Mtu akapendekeza namba apewe mjumbe wa nyumba kumi. Nikacheka, mjumbe yule ni wa chama. Lakini kicheko kikaniishia jioni ile, mwenzetu mmoja tawini aliponiuliza kama namba hizo zingetufaa wakati wa kampeni. Makamanda, hapana. Tukifanya hivyo hatuna tofauti na tunaowapinga.

Na Serikali? Wiki kadhaa kabla ya hakathoni niliandika barua kwa ofisi moja ya umma kuomba kumbukumbu za vina vya maji ya mto. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inatoa siku 30. Zikapita, kimya. Timu ikafanya kazi kwa alama za tope zilizobaki ukutani na kumbukumbu za wazee. Mto ni wetu, vipimo vimefungiwa kabatini.

Darasani tunasoma kesi ya Joseph Kessy ya mwaka 1988. Wakazi wa Tabata walikuwa wamechoka na moshi wa jalala. Jaji Lugakingira alikataa kuliongezea Jiji muda, akarejea haki ya kuishi, Ibara ya 14. Wale wakazi hawakwenda mahakamani na "athari za mazingira." Walikwenda na jalala moja, moshi mmoja na majina yao.

Sisi kila masika tunaposti picha za Jangwani, tunatukana, tunalala. Napendekeza kila tawi la vijana lilete changamoto moja kabla ya masika ijayo: ukurasa mmoja, swali moja, jina la anayeisimamia, na mstari unaosema kazi hii haitatumika kwa nini. Barua za kuomba taarifa nitasaidia kuziandika. Wakikaa kimya tena, tutakuwa na tarehe na nakala mkononi, na tutajua pa kuzipeleka.

Yule mama bado anasubiri jibu la swali lake. Nimemwahidi kwamba hapewi mtu, hata sisi.