Sawa Gani Hii?

Mwaka 1946 Bwana Heman Sweatt, mgawa barua wa Houston, Marekani, aliomba kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Texas. Alikataliwa kwa sababu ya weusi wake. Jimbo likawafungulia weusi shule yao ya sheria, likadai ni sawa. Sawa gani? Kesi ilipofika Mahakama Kuu ya Marekani, shule hiyo ilikuwa na waalimu 5 na vitabu 16,500. Ile ya wazungu, waalimu 16 na vitabu 65,000. Mwaka 1950 mahakama iliamuru Bwana Sweatt apokewe. Wako wanaousifu ushindi huo. Sisi twaikumbuka miaka minne aliyozungushwa mahakamani: mwaka 1952 aliondoka chuoni bila shahada, na afya yake imedhoofika.