Kuhariri Jeni: Istilahi Tamu, Tiba Chungu

Mnamo Desemba 2023 Marekani iliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu kwa wagonjwa wenye umri wa miaka 12 na zaidi. Uingereza ilikuwa imetangulia mwezi mmoja. Hiyo ndiyo tiba ya kwanza kuidhinishwa inayotumia CRISPR, mbinu iliyowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020. Wanaoieleza mbinu hiyo kwa Kiswahili husema ni "kuhariri jeni".

Kimaumbo istilahi hiyo haina ila. Jeni ni matini, viungo vyake ni herufi, na mwanasayansi ni mhariri mwenye wino mwekundu. Ila mhariri hufanya kazi yake huku mwandishi amejilalia kwake. Mgonjwa hana raha hiyo. Kwanza hutolewa seli shina, yaani zile zinazozaa damu katika uboho. Seli hizo hupelekwa maabara, jeni iitwayo BCL11A ikakatwa mahali maalumu ili mwili urudie kutengeneza himoglobini ya kijusi, ile ya mtoto aliye tumboni, ambayo huzuia seli kujipinda kama mundu. Kabla ya seli hizo kurejeshwa, mgonjwa hupewa busulfani, dawa kali inayoua uboho wa zamani ili mpya upate makao. Hukaa hospitalini wiki kadhaa kinga yake ikiwa chini mno, na huenda akapoteza uwezo wa kuzaa. Ni wapi katika neno "kuhariri" msikilizaji atakapoinusa hatari hiyo?

Selimundu nayo ni maradhi ya nyumbani. Mwaka 1949 Anthony Allison, mtafiti aliyelelewa Kenya, aligundua kuwa wenye jeni yake ni wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria kuliko nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba anayerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye huugua.

Wapo watakaouliza faida ya kuhangaikia istilahi za tiba ambayo bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2. Swali hilo ni halali, lakini linasahau kwamba upandikizaji wa uboho kutoka kwa ndugu umekuwapo kwa miaka mingi, na zipo familia za Kenya zinazosafiri hadi India kuutafuta. Huko nako uboho wa mgonjwa huangamizwa kwanza kwa dawa kali, na hatari ya utasa ni ile ile. Mzazi anayetia sahihi kwa niaba ya mwanawe wa miaka minane anaamua pia kama huenda asipate wajukuu kwake. Fomu ikimwambia "athari nyinginezo", hajaambiwa kitu.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa, "inapowezekana". Neno hilo moja ni mlango ulioachwa wazi, na daktari asiye na msamiati ataupitia bila lawama. Nani basi atakayeufanya uwezekano huo uwepo? Idara za Kiswahili zimezalisha tasnifu tele kuhusu istilahi za isimu na fasihi, ambazo wasomaji wake ni wahadhiri wale wale waliozisimamia.

Selimundu lenyewe ni neno la mfano: fupi, na lenye taswira ambayo mkulima yeyote anaijua. Taswira hiyo ya shamba ingefaa kuendelezwa. Kufyeka, kuchoma, kungoja ardhi ikiwa tupu, kisha kupanda upya: maneno haya yanaieleza safari yote ya mgonjwa, hata zile wiki za hofu, kuliko kalamu ya mhariri. "Kuhariri jeni" libaki maabara linakostahili, na tiba nzima iitwe "kupanda uboho upya". Huenda wagonjwa wakalikataa jina hilo. Mtafiti wa uzamili anaweza kuketi na akina mama katika kliniki za selimundu za Kisumu au Kilifi, awasomee maelezo ya aina zote mbili, kisha awaombe wamsimulie kwa maneno yao watoto wao watafanyiwa nini.