Viza ya Kutunza Wazee Uingereza: Usitoe Pesa

Kama uko Nairobi, Mombasa au Arusha na kuna mtu anakuahidi viza ya kwenda kutunza wazee Uingereza, usimpe hata shilingi. Njia hiyo ilifungwa tarehe 22 Julai 2025. Tangu siku hiyo mwajiri wa huko haruhusiwi kumleta mtunza wazee mpya kutoka nje. Hakuna cha foleni, hakuna cha nafasi mbili zilizobaki, wala hakuna mjomba ubalozini.

Uongo huu unauzika kwa sababu jana ulikuwa kweli. Mwaka 2021/22 England peke yake ilikuwa na nafasi takriban 165,000 za kazi ya utunzaji zisizo na watu, na Februari 2022 serikali ikaifungulia kazi hiyo viza. Watu wakaenda, wakatuma pesa, wakajenga. Majirani wakaiona nyumba.

Wazee wa Uingereza hawajapungua. Kilichozidi ni hasira dhidi ya wageni. Machi 2024 serikali ya chama cha Conservative iliwakataza watunza wazee wapya kwenda na mke, mume au watoto. Mei 2025 chama cha Reform cha Nigel Farage, kinachopinga uhamiaji, kikazoa viti katika uchaguzi wa mitaa, na siku chache baadaye Labour, wapinzani wa jadi wa Conservative na wakati huo wenye serikali, wakatangaza kuufunga mlango wenyewe. Katika hili mahasimu hao hawakupishana.

Waliokwisha kufika nao hawana usingizi. Viza yao imefungwa kwenye jina la mwajiri. Akinyang'anywa leseni ya kudhamini wageni, mfanyakazi kwa kawaida hupewa siku 60 apate mdhamini mwingine au afunge virago, hata kama hana kosa. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 waajiri zaidi ya 470 wa sekta hiyo walipokonywa leseni, na wafanyakazi zaidi ya 39,000 waliguswa. Hebu fikiria aliyeuza shamba la baba yake ili afike huko.

Wakala mjanja atakufungulia orodha ya waajiri wenye leseni, ambayo serikali ya Uingereza huiweka mtandaoni, akuonyeshe jina la kampuni. Usilainike: kampuni kuwemo humo hakuondoi katazo. Atakutajia pia binamu yako aliyepata kazi mpya Leeds mwezi uliopita. Huyo alikuwa huko tayari, na walioko huko wameachiwa nafasi ya kubadilisha mwajiri hadi Julai 2028. Wewe hukuachiwa. (Muuguzi aliyesajiliwa ana utaratibu wake, hapa hatumsemi yeye.)

Na kama umeshalipa, usiongeze ile wanayoiita ada ya mwisho. Tunza risiti za M-Pesa, ujumbe wa WhatsApp na namba za simu, uende navyo polisi wiki hii, kabla wakala hajabadilisha laini.