Chaja ikifa, mizani ya kikundi hugeuka pambo

MKULIMA wa iliki wa Bulwa, katika milima ya Usambara Mashariki, anajua thamani ya gramu. Iliki si mahindi ya kupimwa kwa debe. Ni kilo, tena kilo chache, ndizo zinazonunua sare za shule na mabati. Kwa hiyo wakulima wanapochangishana kununua mizani ya kidijitali wanafanya jambo la maana, kwani mnunuzi akija na mizani yake, wao nao wana ya kulinganishia.

Tatizo huanza chaja inapokufa.

Chaja yenyewe ni kisanduku kidogo cha plastiki chenye waya. Nyingi zimegandishwa kwa gundi, hazina skrubu hata moja, na fundi redio akitaka kuifungua sharti aipasue. Pini yake nayo mara nyingi ni ya aina yake, haioani na chaja ya simu. Muuzaji akiulizwa, husema chaja haiuzwi peke yake, au hutaja bei inayomfanya mtu afikirie kununua mizani nyingine. Hapo bado nauli ya kushuka Muheza, na ikikosekana huko, hadi Tanga mjini.

Wakati chaja inatafutwa, betri nayo inakufa. Mizani nyingi za mezani hutumia betri ya risasi ya volti 6, jamaa ya zile zilizomo katika taa za dharura. Betri ya namna hiyo ikikaa wiki nyingi bila chaji, chumvi ya risasi huganda kwenye bamba zake na haishiki tena chaji. Aliyeanza kwa kukosa kitu kimoja anaishia kukosa viwili.

Hasara kubwa, hata hivyo, haiko dukani. Iko siku ya kuuza. Tuseme kikundi kina kilo 40 za iliki kavu, bei ni Sh 20,000 kwa kilo, na mizani ya mnunuzi inapunja gramu 50 katika kila kilo. Hizo ni kilo mbili, yaani Sh 40,000 zimepotea kwa siku moja. Wanakikundi hugoma kuchangia chaja ya Sh 30,000 kwa kuiona ni wizi, na pengine ni wizi kweli, lakini mizani iliyolala kabatini msimu mzima inawaibia zaidi.

Hilo halimwondolei lawama anayetengeneza na anayeingiza bidhaa hizi. Wakala wa Vipimo (WMA) hukagua mizani ya biashara kila mwaka na kuipiga chapa. Ni kazi nzuri, ila inahusu usahihi wa kipimo, si vipuri. Umoja wa Ulaya umekwishaamua kwamba kuanzia Desemba 28, 2024 simu, tableti na kamera mpya zinazouzwa huko zitumie tundu moja la chaja, aina ya USB-C. Mizani haimo katika orodha hiyo, lakini njia imeonekana. Tanzania haihitaji kusubiri mtambo wala mkopo ili kumtaka mwagizaji wa mizani auze chaja na betri peke yake, kwa bei iliyobandikwa.

Kabla ya hapo mnunuzi ajilinde. Aulize kama betri iko nyuma ya kifuniko chenye skrubu. Asome kibandiko cha chaja na kuandika volti, ampea na kama chanya iko ndani au nje ya pini, kwa sababu kwa taarifa hizo fundi mzuri anaweza kutafuta chaja mbadala. Asiandike baada ya chaja kuungua, maana vibandiko vyenyewe hufutika upesi. Fundi naye asiguse sehemu yenye lakiri ya Wakala. Akiivunja, mizani inarudi kukaguliwa upya kabla ya kutumika tena katika biashara.

Mizani isipotumika, ichajiwe angalau mara moja kwa mwezi. Na kikundi kitakachoshuka Tanga kununua mizani kabla ya msimu kidai chaja mbili katika risiti moja. Muuzaji akijibu kwamba ya pili hana na hajui itapatikana lini, fedha zirudi mfukoni na waulize duka la jirani.