Mkono wa kushoto nao ununuliwe kipanya

DARUBINI YA VOI
Na Wakesho Mwang'ombe

Kadiri kipanya cha kompyuta kinavyoboreshwa, ndivyo mwenye shoto anavyozidi kuachwa nje. Inasikika kinyume, maana maboresho hutarajiwa kumfaa kila mtu. Lakini tazama kifaa chenyewe.

Kile kipanya bapa tulichokizoea, kinachouzwa kwa shilingi mia chache madukani hapa Voi, hakina upande. Mbavu zake zinalingana, na ukikihamishia kushoto mwa kibodi kitafanya kazi, hata kama vitufe vitaangukia vidole visivyovizoea. Ubaya wake ni kwamba kinaumiza watu wote sawasawa. Kigasha cha mkono kina mifupa miwili. Kiganja kinapolazwa kifudifudi mezani, mfupa wa upande wa dole gumba hujikunja juu ya mwenzake, na misuli inayoushikilia hapo haipumziki. Juu ya hayo, kifundo huinuka na kupinda kuelekea upande wa kidole cha mwisho kila mshale unaposogezwa. Saa moja si kitu. Ukishinda hivyo mwezi baada ya mwezi, maumivu huanzia kwenye kifundo, yakapanda hadi kiwiko na bega.

Kipanya wima kilibuniwa kuondoa mvutano huo. Hushikwa kama mkono wa mtu unayemsalimu: dole gumba juu, ubavu wa kiganja ukiegemea meza, na mifupa miwili ya kigasha ikikaa sambamba kama ilivyoumbwa. Kampuni ya Evoluent ya Marekani ilianza kuuza vipanya vya aina hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2018 Logitech ikatoa MX Vertical, kilichoinuliwa kwa nyuzi 57, na kuanzia hapo hata ofisi za kawaida zikaanza kukijua kifaa hiki.

Hapo ndipo shida inapozaliwa. Kitu kikisimama lazima kichague upande. Pahali pa dole gumba pakichongwa ubavu wa kushoto wa kifaa, mkono wa kushoto hauna tena pa kushika. MX Vertical kilikuja kwa mkono wa kulia peke yake. Logitech ilipotoa kipanya wima chenye toleo la kushoto, kile kiitwacho Lift, mwaka ulikuwa 2022. Evoluent, kwa haki yake, hutengeneza pande zote mbili. Lakini ingia duka lolote la vifaa vya kompyuta kutoka hapa hadi Mombasa uulize kipanya wima cha kushoto, uone utakavyotazamwa.

Mazoea haya ni ya tangu siku ya kwanza. Douglas Engelbart alipokionyesha kipanya hadharani mjini San Francisco, tarehe 9 Desemba 1968, alikishika kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ukapewa kazi yake: kubonyeza kidude cha vitufe vitano vya kuingizia herufi na amri. Mikono yote miwili ilifikiriwa. Kile kidude kikaachwa njiani, kipanya kikabaki upande wa kulia, na ofisi za dunia nzima zikapanga meza, waya na droo zao kufuata upande huo.

Kwa nini nilete jambo hili katika kaunti ya mkonge, ndizi za Taveta na vito vya Mwatate? Kwa sababu vijana wetu sasa wanashinda mbele ya kompyuta. Huduma za serikali zimehamia eCitizen, na wahudumu wa saiba mjini Voi wanajaza fomu za watu tangu asubuhi: vyeti vya kuzaliwa, maombi ya HELB, marejesho ya kodi ambayo kila Juni huwafanya wafunge usiku. Makarani wa hospitali wanaingiza wagonjwa katika mfumo wa SHA. Wanafunzi wa uhandisi wa madini katika Chuo Kikuu cha Taita Taveta wanachora kwenye skrini. Mpango wa Ajira Digital umekuwa ukiwahimiza vijana tangu 2016 kutafuta riziki mtandaoni, na serikali ya kitaifa imeahidi vituo vya kidijitali katika wadi zote 1,450 nchini. Wadi zetu ni 20, kuanzia Mata na Mboghoni kule Taveta hadi Kasigau na Marungu huku chini.

Kazi inayonitia wasiwasi zaidi ni ile ya kuwekea picha alama ili mashine zijifunze. Kijana anaonyeshwa picha ya barabara. Anatakiwa azungushie mstatili kila gari, kila mtembea kwa miguu, kila taa, kisha picha nyingine inafunguka. Ni kazi ya kipanya hasa, kibodi haiguswi sana. Malipo huja kwa kipande, kwa hiyo anayevuta mistari upesi ndiye anayekula, na anayesimama kunyoosha vidole anajipunja. Mtandao wa Remotasks ulipowafungia Wakenya milango Machi 2024, watu wengi walijikuta bila kipato ghafla, na mjadala uliofuata ukahusu ujira na usalama wa ajira. Ulikuwa mjadala wa lazima. Ila kazi za namna hiyo zipo bado kwa majina mengine, na bado sijasikia anayeuliza mkono unaoifanya kazi hiyo utakuwa na hali gani baada ya miaka kumi.

Sasa mweke mwenye shoto kwenye kiti hicho. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, uliokusanya takwimu za zaidi ya watu milioni 2, ulikuta kwamba mtu mmoja kati ya kumi hivi hutumia mkono wa kushoto. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671 katika Taita Taveta. Hata tukipunguza kwa ajili ya wale waliolazimishwa utotoni kubadili mkono, tunazungumzia maelfu kwa maelfu ya jirani zetu. Wengi wao hawasemi. Wanajifunza kutumia kipanya kwa mkono wasioumudu, wanaonekana wazito, na msimamizi anaandika kwamba kasi yao ni ndogo.

Mimi ni mmoja wao. Katika ofisi moja niliyofanyia kazi, waya za vipanya zilikuwa zimefungwa upande wa kulia wa kila meza, fupi kiasi cha kutofika kwingine. Nilipoomba wangu ufunguliwe, niliambiwa nizoee kama wenzangu. Nilizoea, na miaka ikapita nikisahihisha kurasa kwa mkono ambao siuandikii, hadi vidole vikaanza kufa ganzi usiku. Sikukasirishwa na waya. Nilichokasirikia ni kwamba ombi dogo namna ile lilipokewa kama utovu wa nidhamu.

Sasa natumia kipanya wima cha kushoto, na nitasema kinavyofanya kazi kwa sababu wasomaji wameniuliza. Siku za mwanzo mshale ulikuwa ukiruka, na kila nilipotaka kubofya nilikisukuma kifaa kizima. Dawa yake ilikuwa kuongeza kasi ya mshale katika mipangilio ili mkono utembee kidogo, na kuusogeza kutoka kwenye kiwiko, si kwenye kifundo. Vitufe ni suala la kuuliza kabla ya kulipa. Kuna watengenezaji wanaoviweka tayari vimegeuzwa, kidole cha shahada kikiwa ndicho kinachobofya, na kuna wanaokuachia ubadilishe mwenyewe katika kompyuta. Yakifanyika yote mawili, mambo hurudi yalikotoka na mtumiaji anadhani kipanya kimeharibika. Ukubwa nao uangaliwe: Lift imekusudiwa mikono midogo na ya wastani, kwa hiyo mwenye kiganja kipana atabanwa.

Nilichogundua baadaye kinawahusu hata wasio na shoto. Kibodi ya kawaida ina safu ya tarakimu upande wa kulia. Safu hiyo inakisukuma kipanya cha kulia mbali na mwili, mkono unafunguka nje, na bega ndilo linalobeba uzito siku nzima. Upande wa kushoto hakuna kizuizi hicho. Kipanya kinakaa jirani na herufi, kiwiko kinabaki ubavuni. Karani wa hesabu aliyejifunza kubofya kwa kushoto huandika tarakimu kwa kulia bila kuuhamisha mkono kila mara, na kazi inakwenda. Kwa hiyo ofisi ikinunua vipanya kadhaa vya kushoto na ikatokea hamna mashoto hata mmoja, fedha hazijapotea: yule ambaye bega la kulia limeanza kumlilia ana mahali pa kuupumzisha mkono.

Sitaki kukipamba kifaa hiki kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa kwa watu wenye tatizo la neva iliyobanwa ndani ya kifundo, ulionyesha kwamba kipanya wima hubadilisha mkao wa kifundo lakini hakikupunguza shinikizo ndani ya ule mfereji unaopitisha neva. Maana yake ni kwamba mwenye ganzi ya kudumu, au anayeangusha vikombe kwa kuishiwa nguvu vidoleni, aende Hospitali ya Rufaa ya Moi hapa Voi akapimwe, asitegemee kununua kipanya. Kipanya kinafaa kabla ya mambo kufika huko, tena pamoja na kiti cha kimo sahihi na mapumziko ya kweli.

Kuna watakaosema mkono wa kushoto una adabu zake. Naziheshimu. Nyumbani kwetu chakula huliwa kwa kulia, mzee husalimiwa kwa kulia, na ndugu zetu Waislamu wana mafundisho yao juu ya hilo. Sioni haja ya kugombana na adabu ya sinia. Lakini penseli haikuwa sinia, na watoto walichapwa vidole kwa sababu yake katika shule za milimani na za bondeni kabla ya viboko kupigwa marufuku mwaka 2001. Kipanya nacho si sinia. Wakenya walimtazama Barack Obama, ambaye baba yake alizaliwa nchini humu, akitia saini nyaraka za urais wa Marekani kwa kushoto, na sikusikia mtu akimwambia abadili mkono.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mahali pa kazi, vifaa na majukumu vimerekebishwa vimfae mfanyakazi. Mfanyakazi hajaagizwa ajipinde afuate kifaa. Sheria hiyo haichagui kati ya kiwanda cha mkonge na chumba cha kompyuta, wala kati ya mkono huu na ule.

Bei ndiyo hoja ngumu, na sitaikwepa. Lift ilipoingia sokoni iliuzwa karibu dola 70, yaani zaidi ya shilingi 9,000 kwa thamani ya sasa, kabla ya ushuru na usafirishaji. Vipo vya kampuni nyingine vilivyo nafuu, lakini navyo huagizwa mbali na kuteremshwa Voi kama vifurushi. Simtarajii mwenye saiba ya kompyuta nne atoe fedha hizo. Yeye nitamwomba kidogo tu: kipanya kimoja bapa kisicho na waya, ambacho mteja anaweza kukihamisha, na asinune mteja huyo akigeuza vitufe, mradi avirudishe anapoondoka. Mhudumu wake aliye mashoto naye aruhusiwe kupanga meza anavyoweza.

Serikali ya kaunti, vyuo na hazina za maeneobunge ni habari nyingine. Hao hununua kwa jumla, na katika zabuni ya kompyuta 20 bei ya vipanya viwili vya kushoto haionekani kabisa. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika. Nyaraka nyingi za zabuni hutaja kichakataji, kumbukumbu na ukubwa wa skrini kwa undani wa kuchosha, halafu kipanya kinaachiwa neno moja, na mzabuni analeta chochote kilicho rahisi.

Kwa hiyo naziomba kamati za ununuzi Mwatate, Wundanyi, Taveta na Voi ziongeze mstari mmoja katika zabuni zijazo: kati ya kila vipanya kumi, kimoja kiwe wima na cha mkono wa kushoto, na vilivyobaki viwe visivyo na waya, vinavyoshikika kwa mkono wowote. Na siku ya kupokea mzigo, kabla ya stakabadhi kutiwa saini, aitwe mfanyakazi au mwanafunzi mwenye shoto akae, akishike na kukitumia kwa nusu saa.