Sehemu ya 6: Eti "mtandao umekata"

Mama zangu mliokaa benchi Jumanne mpaka saa nane mchana na watoto mgongoni, hii ni yenu. Mliambiwa mtandao umekata. Haukukata.

Kompyuta ya chumba cha chanjo ni kama dirisha tu. Kumbukumbu za watoto ziko kwenye seva ya mbali, sisi tunaingia kwa nywila. Sasa namfungulia mtoto wa wiki 6, naandika nusu, nainuka kumpima uzito na kumchoma sindano. Nikirudi nimeshatolewa nje, na nilichoandika hakipo. Naanza upya. Zidisha kwa foleni nzima.

Tukalalamika. Kijana wa TEHAMA akaongeza muda wa kompyuta kukaa bila kuguswa, kutoka dakika 15 hadi 60. Wapi! Akaongeza tena. Hola. Ndipo yakaanza maneno: manesi wanachezea simu, manesi hawajui kompyuta. Jamani! Ikafika mahali mwanafunzi aliyekuja kujifunza ukunga anakalishwa pale kazi yake kutikisa mausi.

Shida yenyewe ni hii. Kwenye Windows Server kikomo hicho kinaweza kuwekwa sehemu mbili: upande wa kompyuta na upande wa mtumiaji. Zikipingana, ya kompyuta inashinda. Yeye alihangaika na ya mtumiaji siku zote. Ya kompyuta ilibaki dakika 15, na kulikuwa na agizo lingine juu yake: muda ukiisha, kazi ifungwe kabisa, badala ya kukatwa tu ikusubiri urudi. Hilo ndilo lililokuwa linakula kumbukumbu za watoto wenu.

Na kuna amri ya kuliona, gpresult. Inatoa ripoti ya mipangilio inayofanya kazi na ilikotoka. Ila ukiitumia bila ruhusa za msimamizi, upande wa kompyuta hauonekani. Yeye aliitumia mezani kwangu, kwa jina langu. Akaona dakika 60, akaniambia, "Mbona iko sawa, dada?"

Sisemi kikomo kiondolewe. Kwenye faili la mama kuna majibu ya VVU, na chumba kile kinapita watu wengi. Skrini ijifunge haraka, hata dakika 5, lakini kazi ibaki palepale. Ninachokataa ni kupanga agizo juu ya agizo bila kuangalia lipi linatawala, halafu lawama anabeba nesi, na nauli ya bodaboda mara mbili anatoa mama.

Alhamisi alikuja msimamizi mwenyewe, hata nusu saa haikuisha, ikakaa sawa.

Mliorudishwa Jumanne, njooni na kadi za kliniki tulinganishe na kompyuta, hasa watoto wa wiki 10 na wiki 14. Dozi iliyoandikwa kwenye kadi inahesabika hata kama kompyuta haina. Mtoto hachomwi mara ya pili kwa kosa la seva. Akikuambia mtu vinginevyo, niulizie, nipo chumba cha chanjo.